Tumeitwa kikao cha wadau kuhusu barabara yetu. Niseme nini ili safari hii kiandikwe?

Mama Vitumbua

Wakuu, habarini za jioni. Naomba mawazo yenu kabla ya Alhamisi.

Nakaa ndani ya Kimara, kule ambako ukishuka basi la mwendokasi bado una daladala au bajaji ya kupanda. Nina meza ya vitumbua na chai pale kituoni, huu mwaka wa tisa. Saa 10 alfajiri jiko langu limeshawaka, kwa hiyo kile kituo nakijua kuliko ninavyokijua chumba changu.

Juzi mjumbe kapita na karatasi. Barabara yetu itapanuliwa, itawekwa lami na mitaro pande zote, na kituo cha daladala kitasogezwa mbele ili magari yanayopeleka watu kwenye mwendokasi yapate pa kugeuzia. Mkutano wa wadau ni Alhamisi saa 4 asubuhi, ofisi ya mtaa. Nyote mnakaribishwa.

Barabara naitaka, nisieleweke vibaya. Masika wateja wangu wanakuja wamebeba viatu mkononi. Kinachonikosesha usingizi ni mahali pa kuvukia. Shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara, na watoto wote wa huku kwetu wanavuka palipo na mwembe, hatua chache kutoka mezani kwangu, kwa sababu kichochoro cha kutoka majumbani kinamwagikia hapo.

Miaka mitatu nyuma kilijengwa kipande cha mwanzo cha barabara hii hii. Tuliitwa kikao kama hiki. Nikasimama, nikashika kipaza sauti, mikono inatetemeka, nikasema kivuko kiwekwe kwenye mwembe. Mtaalamu akaitikia kwa kichwa, akaniambia, "Tumepokea, mama." Barabara ilipokwisha, zebra ikachorwa mbele ya kituo cha mafuta, hatua 230 kutoka kwenye mwembe. Nimezitembea mwenyewe. Mtoto anayeiona shule yake mbele ya macho haendi hatua 230 akavuke halafu arudi nyingine 230. Mwaka ule ule mtoto wa jirani yangu, darasa la pili, akagongwa na bodaboda pale pale. Mguu umeunga, Mungu ni mwema, lakini mpaka leo akifika barabarani anashika nguo ya mtu yeyote aliye karibu naye, hata asiyemjua.

Sasa wanapanua. Magari yatakwenda kasi zaidi. Naomba anayejua mambo haya aniambie: yale maneno yangu yalipotelea wapi? Na safari hii nisemeje, nimwambie nani?

Kijana wa Goba

Pole sana dada, na mpe pole jirani.

Mimi nitasema ukweli ulio moyoni. Nimehudhuria vikao vya aina hiyo viwili. Ukifika unasaini karatasi ya mahudhurio, unapewa maji, unaonyeshwa mchoro uliokwisha kukamilika, unaulizwa kama kuna swali. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ile saini yangu ndiyo iliyoambatishwa kwenye ripoti kuthibitisha kuwa wananchi tumeshirikishwa. Niliumia. Nilikuwa nimepinga pale, lakini karatasi haikusema nilipinga, ilisema nilikuwepo. Tangu siku hiyo sisaini tena na siendi.

Karani Mstaafu

Mwanangu Mama Vitumbua, nimesoma maelezo yako mara mbili. Na wewe kijana wa Goba, sikukatalii uliyoyasema, ila naomba unisikilize, maana mimi nilikuwa upande wa pili wa ile meza.

Nimefanya kazi ya kuandika mihtasari ya mikutano ya wadau katika miradi mitatu ya barabara hapa Dar. Mimi ndiye yule mtu anayekaa pembeni na daftari, asiyeulizwa jina. Kwa hiyo naweza kukuambia maneno yako yalipotelea wapi, kwa kuwa ya wengi yamepotelea mikononi mwangu, na jambo hilo limenikaa kifuani.

Ripoti ina jedwali. Safu ya kwanza ni hoja, ya pili ni nani katoa, ya tatu ni majibu ya mtaalamu, na nyingine, kama ipo, ni hatua itakayochukuliwa. Watu sitini wakizungumza kwa muda wa saa mbili, mimi napewa kurasa mbili. Basi unafanyaje? Unakusanya. Mama wa kwanza kalalamikia vumbi, wa pili ajali, mzee mmoja kazungumzia maji yanayoingia ndani, kijana fulani kalia na fidia. Inatoka sentensi moja: "Wananchi waliomba usalama wa watumiaji wa barabara uzingatiwe." Mwembe wako, mwanangu, uko ndani ya sentensi kama hiyo. Mchora ramani akiisoma ofisini hana cha kuchora.

Lakini nakumbuka fundi viatu mmoja. Hakupaza sauti. Alisema kalavati lililo mbele ya duka la mbao ni dogo, mvua kubwa ikinyesha maji hufika hapa, akagusa chini ya goti, halafu akamwomba mhandisi watoke nje, ni hatua thelathini tu. Tukatoka. Ukutani kwa lile duka palikuwa na mstari wa tope, na mwenye duka alikuwa ameukwaruza kwa msumari kila mwaka. Mhandisi akatoa futi. Pale sikuwa na namna ya kukusanya na kufupisha. Niliandika mahali, kimo cha maji, na jina la aliyesema. Mchoro uliofuata ulikuwa na kalavati kubwa zaidi.

Sasa nenda na mwembe wako namna hiyo. Usiseme "watoto wanapata shida kuvuka." Sema wangapi, saa ngapi, wapi. Una siku tatu za asubuhi kabla ya Alhamisi na uko pale pale. Hesabu. Chukua kopo mbili, jaza moja kunde. Kila anayevuka, hamisha punje moja. Mikono itakuwa na unga, kalamu itakusumbua.

Halafu andika barua, ukurasa mmoja, nakala mbili. Ipeleke ofisi ya mtendaji wa mtaa kabla ya mkutano. Nakala moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Neno la mdomoni linaweza kuingia kwenye sentensi yangu ile ya jumla, ila barua yenye muhuri inapaswa kujibiwa kwenye jedwali. Siku ya mkutano ukisimama, anza kwa kusema, "Naomba hili liandikwe kwenye muhtasari," kisha umtazame anayeandika, siyo mgeni rasmi.

Jambo ambalo wengi hawaulizi, nalo ndilo linaloamua kila kitu: mchoro uko hatua gani? Kazi ya barabara huanza na upembuzi yakinifu, yaani kuchunguza kama mradi unafaa, inaingia usanifu wa awali, kisha usanifu wa kina, zabuni, halafu ndipo mkandarasi. Kwenye usanifu wa awali kuhamisha kivuko ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Mkandarasi akishasaini, kuhamisha kitu kile kile ni fedha na barua za ofisi tatu, na hapo ndipo utasikia "tumepokea, mama." Uliza swali hilo mapema, mbele ya watu.

Na ujue unazungumza na nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Hizi za ndani, tangu 2017, ziko chini ya TARURA. Mwendokasi na vituo vyake ni DART. Njia za daladala, leseni zake na nauli ni LATRA. Nimeona watu wanamaliza nusu saa wakimlalamikia mhandisi wa barabara juu ya nauli, na yeye hana mamlaka nayo hata ya shilingi moja. LATRA huwa inaitisha mkutano wake wa kupokea maoni kabla ya kupanga nauli, na lipo baraza la watumiaji, LATRA CCC, kwa kazi hiyo hiyo. Alhamisi wewe shikilia kivuko na kituo.

Sheria iko upande wako kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari, na wanaoguswa wasikilizwe. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo inawapa wakazi nafasi kwenye mpango wa eneo lao. Ukitaka kuona mchoro wenyewe, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Usiende kuzitaja kama mtu anayetafuta ugomvi. Zijue tu, zitakunyoosha mgongo ukisimama.

Kijana wa Goba, umesema mchoro ulikuwa umekamilika. Ni kweli, mistari mikubwa huwa imeshapigwa. Jiji hili lina mpango mkuu wa usafiri uliotengenezwa kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, mwaka 2008 na kupitiwa upya 2018. Mwendokasi upite barabara gani haliamuliwi kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, na mimi naona ni kasoro, watu wangeitwa mapema zaidi. Lakini kivuko, mdomo wa mtaro, upana wa njia ya miguu, mahali pa kituo, haya yanabaki wazi mpaka mwisho, nayo ndiyo yanayomgonga au yasiyomgonga mtoto. Usipokwenda, anaamua mtu ambaye hajawahi kusimama pale saa 12 na nusu asubuhi.

Na saini. Saini, ila andika kando ya jina lako "nina hoja, angalia barua." Sijaona anayekataza.

Mnakumbuka Jangwani? Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa bondeni, Msimbazi. Mwaka 2011, Desemba, mafuriko yaliwatoa watu pale wakapelekwa Mabwepande, kila mzee wa Magomeni alijua maji yanapita wapi. Mabasi yalipoanza kazi mwaka 2016 hayakukaa sana, maji yakayafuata karakanani. Ndipo mwaka 2018 vikafanyika vikao virefu vya bonde la Msimbazi, wakazi, wahandisi na ofisi nyingi meza moja, wiki kwa wiki, na katika mpango uliotoka humo lipo daraja jipya la Jangwani na karakana kuhamishwa. Kuuliza baada ya kujenga ni gharama. Nililiona jambo hilo na daftari langu nikawaza, yale yote tungeandika mapema.

Konda wa Mbezi

Mzee hapo juu, shikamoo. Umenifundisha.

Mama Vitumbua, nakuomba ubebe na letu. Kikao saa 4 asubuhi siku ya kazi, mimi na dereva tuko trip ya nne, hesabu ya tajiri bado. Nikiacha gari nadaiwa. Hivyo hakuna konda wala dereva atakayekuwepo, na mnajadili kituo chetu.

Tunachojua sisi ni hiki. Abiria hashuki panapoandikwa kituo, anashuka panapomfaa. Mkikisogeza mbele mita mia tatu, asubuhi ya kwanza mtu atagonga bodi palepale kwenye mwembe, "shusha!", na sisi tutasimama, maana tusiposimama anaruka. Nimeona mtu akiruka, sitaki kuona tena. Kama lazima kisogee, waweke sehemu ya kuingilia gari pembeni, ndefu ya kutosha magari matatu. La moja halitoshi, la pili litasimama barabarani na la tatu litalipita, na anayevuka mbele ya la kwanza halioni la tatu. Watoto wanagongwa hivyo, mama. Mara nyingi gari lililosimama halina kosa.

Na taa. Saa 11 alfajiri giza, sisi tunaona macho ya mtu akiwa ameshafika.

Mchora Ramani

Naongeza dogo kwa aliyoyasema Mzee Karani. Mwaka 2015 nilikuwa mwanafunzi, nikashiriki Ramani Huria. Tulikuwa tunapita na wakazi kwenye kata zinazofurika, kama Tandale, tunachora mitaro, vichochoro na mahali maji yanapotuama, tunaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaifungua bure.

Nilichojifunza: mtu mzima anayeona haya kusema mbele ya kipaza sauti, ukimtandikia ramani iliyochapishwa mezani na kumpa kalamu, hakamatiki. Bibi mmoja alinisahihisha kichochoro, kwenye ramani kilikuwa wazi, yeye akasema kimezibwa na choo tangu mwaka juzi. Tukaenda, kweli.

Chapisha kipande cha mtaa wenu, karatasi kubwa, duka lolote la steshenari watakutolea. Weka alama nyekundu kwenye mwembe, shule, kituo cha mafuta. Ukisema hatua 230 watasikia, ukiwaonyesha, wataona. Nitumie ujumbe faragha nikuandalie bila malipo.

Mama Vitumbua

Mzee wangu shikamoo, na wote mliojibu asanteni. Nimechelewa kurudi kwa kuwa nilitaka nirudi na kitu.

Nilihesabu Jumatatu, Jumanne na Jumatano, saa 12 kamili mpaka saa 1 na nusu. Kopo la kunde lilinipa raha, wateja wakaanza kunisaidia, "mama, wale watatu umewaweka?" Jumatatu watoto wenye sare 214. Jumanne 207. Jumatano mvua ilinyesha wakapungua, 161. Waliovukia kwenye zebra ya kituo cha mafuta siku zote tatu ni 9, na hao walikuwa na mzazi. Nilikuwa najua ni wengi. Sikujua ni wengi hivyo. Niliyaangalia yale makopo nikakaa chini.

Barua aliniandikia mwalimu wa shule, naye akaongeza sahihi yake. Mtendaji aligonga muhuri, hakuwa na tatizo lolote, ni mtu mwema, alisema hajawahi kuletewa barua kabla ya kikao, zote huja baada ya ajali. Ramani ya Mchora Ramani tuliibandika kwenye ubao wa matangazo kwa gundi ya unga wangu wa ngano.

Siku yenyewe nilisema naomba iandikwe. Binti aliyekuwa anaandika akainua kichwa, akaniuliza jina langu mara mbili ili asikosee. Nikauliza mchoro uko hatua gani. Mhandisi akasema usanifu wa awali, akaonekana ameshangaa kuulizwa. Nikatoa hesabu. Nikatoa na la konda, magari matatu na taa. Kulikuwa na mwanaume mmoja nyuma akasema huyu anatetea meza yake ya vitumbua. Iliniuma, kwa sababu kituo kikisogezwa meza yangu kweli inapata hasara, sikatai, na nilisema hivyo hivyo mbele yao: meza nitaihamisha, ina miguu minne. Mwembe na kichochoro havihami.

Jibu nililopata: kivuko cha kwenye mwembe kitaangaliwa kwenye mchoro unaofuata, na matuta mawili. Kuhusu kituo hawakubadilisha msimamo, wanasema magari hayawezi kugeuza hapa, na walituonyesha vipimo, nimevielewa. Sehemu ya magari matatu wamesema wataipima. Taa wakasema bajeti. Nimeomba muhtasari niuone kabla haujapelekwa, wakaniambia wiki mbili. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Kijana wa Goba, kama uko karibu, siku hiyo twende wote kuusoma, macho mawili ni machache. Na yule mhandisi nimemwomba aje Jumatatu saa 12 na robo asubuhi, kabla ya kazi zake. Amekubali. Nitampa kiti, kikombe cha chai, na kopo la kunde ahesabu yeye mwenyewe.

Kijana wa Goba

Nitakuja dada. Niandikie tarehe.